Kimo cha Mabega

Dar es Salaam,
3 Machi 1969

Binamu Fikirini, mtani wangu, fundi wa cherehani wa mguu mmoja,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila ugali wa huku wa mahindi matupu unanikaa kifuani na muhogo wa nyumbani nauota.

Habari kubwa ni hii: wamekubali! Gazeti la Tarumbeta, lile la kila Jumamosi, limenipa ukurasa wa nyuma mzima nichore hadithi ya picha. Shujaa wangu anaitwa Radi. Akipiga ngumi, ardhi inatetemeka kutoka Newala mpaka Msimbati, na risasi zikimgusa zinayeyuka kama samli. Atapigana na Wareno, na wachawi, na walanguzi, na yeyote atakayejileta. Lakini shujaa hawezi kuongea peke yake kama mwehu, kwa hiyo nimempa mwenzake wa kutembea naye. Jina lake Mabega. Ana kifua cha mchukuzi, pengo la jino la mbele, na akiogopa hupiga mluzi. Umeshamjua? Mwambie shemeji Mwasiti kuwa mumewe sasa ni mtu wa magazetini, asije akamlisha kisamvu cha jana.

Lile jambo la Ruvuma sijalisahau. Hadithi ikishapata wasomaji nitalichora kama lilivyokuwa, shangazi atasomewa, na yataisha. Nipe muda tu.

Mtani wako,
Isihaka


Chuno, Mtwara,
30 Machi 1969

Isihaka, mwoga wa vyura,

Barua yako imekuja kwa meli, barabara imemezwa na Rufiji kama kawaida. Magazeti mawili nayo yamefika. Nimecheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. Huyo Mabega ni mimi mtupu, hata namna ya kufunga shuka. Na kwa kuwa mimi ni fundi, nimetoa futi kamba nikapima: katika picha ya kwanza Radi ana inchi tatu na nusu, Mabega ana inchi tatu na robo. Hiyo robo nimekusamehe, mwenye ngumi ni yeye.

Sasa niweke utani pembeni. Wewe unajua na mimi najua. Septemba ile ya mwaka sitini na saba, tulipopeleka unga na dawa kwa wapigania uhuru ng'ambo ya Ruvuma, mama alinishikisha mkono wako mlangoni akasema: "Huyu ni mtoto pekee wa kaka yangu pekee. Nenda naye, rudi naye. Ukimwacha usiniite mama." Ndege ya Wareno ilipopita, miguu yako ilikataa. Nilikubeba mgongoni toka kichakani, nikavuka na wewe maji ya kifua, na huku kwetu, ukingoni kabisa, nikakanyaga bomu lao la kufukiwa. Watu wa kijiji cha Kitaya wakatubeba sote. Siku tisa sikujitambua hospitali. Nilipozinduka, habari ilikuwa imeshafika nyumbani kutoka kinywani mwako: Fikirini alikimbia akamwacha mwenzake, na Isihaka ndiye aliyemrudia na kumbeba.

Nimemweleza mama mara ngapi? Ananijibu neno moja: "Aliyekatika mguu ndiye aliyebeba, na mzima ndiye aliyebebwa?" Kahamia Mikindani kwa baba yako. Nikienda kumwamkia anaitikia. Nikimwomba radhi ananyamaza. Binamu, naweza kuishi bila mguu, tazama cherehani linavyokimbia. Bila radhi za mama siwezi, na siwezi kufa vilevile.

Lakini gazeti analiamini. Anasema kitu kilichopigwa chapa lazima serikali imekiona. Binti yangu Zainabu humsomea kila akienda huko. Kwa hiyo chora. Usikawie.

Fikirini


Dar es Salaam,
12 Januari 1970

Mtani,

Usininunie kwa kukaa kimya. Kazi ni nyingi mno, hata kunyoa nasahau. Tarumbeta linagombaniwa Kariakoo! Watoto wanajifunga vitambaa shingoni wanaruka kutoka juu ya mapipa, mmoja kavunjika mkono, mama yake akaja ofisini kututukana. Nilifurahi sana.

Mhariri wetu, Bwana Erasto, kaniita. Anasema: "Mashujaa wawili katika picha moja ni majogoo wawili katika tenga moja. Msomaji amshangilie nani?" Kwa maneno yake, kazi ya msaidizi ni kuuliza maswali ya kijinga ili shujaa ajibu, na kutekwa ili shujaa amwokoe. Ndiyo maana umeona Mabega siku hizi anapika na kubeba mizigo. Watu wanampenda! Alipotumbukia kwenye kisima cha mchawi nilipata barua arobaini. Anachekesha, na mtu wa kuchekesha hachukiwi.

Ya Ruvuma bado. Mambo yakitulia.

Na kumbuka mila: mtani hakasiriki. Akikasirika analipa kuku.

Isihaka


Chuno, Mtwara,
20 Februari 1970

Isihaka,

Kuku nitakulipa, tena mwenye kideri.

Futi kamba langu halina utani, kwa hiyo sikiliza linavyosema. Machi mwaka jana nilifika kwenye sikio la Radi. Juni nilikuwa begani. Mfungo wa Ramadhani ulipoanza nilikuwa kwapani, nadhani ili nisikie harufu ya ushujaa wake. Gazeti la juzi nimefika mkandani. Mwaka haujaisha, umenikata nusu nzima, na wala si Mreno wewe. Kifua kimeondoka, tumbo limekuja. Pengo moja limekuwa mapengo matatu. Ukiendelea hivi, mwaka kesho Radi atanitia mfukoni pamoja na tumbaku.

Hapa Chuno sina jina tena. Mtu analeta kanzu anasema, "Mabega, nikunjie pindo." Vijana wakipita dirishani wanapiga mluzi. Nacheka nao, nifanyeje, ni utani. Mwasiti hacheki. Jana alimchapa Zainabu kwa kunichora nimetumbukia kisimani.

Cheka na watu wako. Ila usiguse Ruvuma kama hutaigusa vizuri. Iache. Bora mama asisomewe chochote kuliko asomewe uongo wenye picha.

Fikirini


Dar es Salaam,
2 Septemba 1971

Binamu yangu,

Utakuwa umeshaliona gazeti, au utaliona meli ikifika. Nataka usikie kwangu kwanza.

Bwana Erasto alitaka hadithi ya mpakani. Nilimchorea ile yenyewe, wallahi nakuapia, Radi amezimia na Mabega amembeba mgongoni, maji ya kifua. Nilikaa nayo siku sita. Aliitazama akaniuliza kama naumwa. "Shujaa abebwe na mpishi? Kesho nani atanunua gazeti?" Ilibidi nigeuze, na jioni ile ile niligeuza. Kubadilisha vichwa si kazi, miili ni ile ile.

Basi Mabega anakimbia, anapiga mluzi, anakanyaga bomu, na Radi anamrudia anambeba. Kuanzia sasa atatembea kwa gongo. Nimelichora gongo zuri, lina kichwa cha ndege.

Fikirini, ni karatasi. Jumatatu watu wanafungia samaki. Ningeacha kazi ningekula nini, na sina mguu uliokatika wa kuonyesha watu wanihurumie? Huo ni utani, usikasirike. Gazeti zima linakuita mtu anayependwa kuliko wote, barua mia mbili wiki moja tu.

Isihaka


Chuno, Mtwara,
25 Septemba 1971

Isihaka,

Watu hawakufungia samaki. Mama ameikata ile picha kwa kisu cha kumenyea muhogo, ameibandika ukutani kwa uji juu ya kitanda chake huko Mikindani. Nilikwenda Ijumaa kumwamkia. Alininyooshea kidole ukutani, akasema, "Hata serikali imejua." Basi. Hakuniambia keti.

Baba yako alikuwepo, mjomba wangu, akainamisha kichwa. Nadhani yeye anakujua.

Sitakuandikia tena. Utani una siku yake, na siku hiyo usiniambie nakasirika.

Fikirini


Dar es Salaam,
9 Julai 1973

Fikirini,

Nimerudi jana na vumbi la nyumbani bado kwenye viatu. Sijalala vizuri tangu tumzike baba. Nakuandikia kwa kuwa pale matangani hatukupata kusema, wewe ulizungukwa na watu wanakupongeza.

Miaka karibu miwili hukunijibu, nikadhani umenisamehe au umenisahau. Kumbe ulikuwa unangoja mtu afe. Jeneza limenyanyuliwa, wanawake wanalia, wewe unajilaza kizingitini na gongo lako umelikumbatia, unasema mjomba hatoki mpaka mwanawe aseme nani alimbeba nani Ruvuma. Sheikh alikukemea. Wazee wakamwambia mwache, huyo ni mtani wa wafiwa, ana haki yake. Walidhani unataka kuku.

Nilikutazama pale chini. Baba yangu mabegani mwa watu, jua linapanda, na wewe unapiga mluzi. Basi nikasema. Hakuna neno nililobakiza. Nilisema miguu ilinikataa, nilisema nilibebwa kama mtoto, nilisema niliporudi shangazi aliniuliza mbele ya watu waliojaa ukumbini na ulimi ukanitangulia, na tangu siku hiyo sikupata njia ya kuurudisha. Nililia, Fikirini. Sijawahi kulia mbele za watu.

Na wao wakacheka! Umati mzima, mpaka walioshika jeneza likawayumba. "Mtani kamkomesha mtani! Kamlazimisha mpaka kajiita mwoga!" Mtu mmoja alinipiga mgongoni akasema naigiza vizuri, ndiyo maana nina kazi gazetini.

Ulipata ulichokitaka. Kwa nini ulikuwa unanitazama vile?

Isihaka


Chuno, Mtwara,
28 Julai 1973

Isihaka,

Mimi mjinga. Andika hilo gazetini, mara moja uwe umesema kweli.

Nilikaa miezi ishirini natengeneza siku ile. Nilijua utakuja akifa mjomba, Mungu amrehemu, na nilijua mbele ya jeneza la baba yako huwezi kusema uongo. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Kitu kimoja nikasahau, mimi mtoto wa huku huku niliyezaliwa katika utani: neno linalotolewa kwa utani hakuna anayelishika. Nililala mlangoni nikauziba ukweli mwenyewe kwa mwili wangu.

Unajua nani alicheka kuliko wote? Mama. Alikuwa nyuma ya pazia na wanawake, mfiwa wa kaka yake. Sauti yake niliijua. Sijamsikia akicheka kwa jambo langu tangu sitini na saba, na nilipomsikia moyo wangu ulifurahi kabla haujaelewa. Baadaye alimwambia Mwasiti, "Mumeo angalau utani anauweza."

Sasa nyumba ya Mikindani imebaki tupu, na yeye anaumwa, miguu imemvimba na pumzi inamkatika. Tumemleta hapa kwangu. Picha yako amekuja nayo. Uji anaupokea kwa Mwasiti. Nikiupeleka mimi anageukia ukutani.

Sikuombi picha wala hadithi. Nataka karatasi moja kwa jina la mama, isiyo na utani hata chembe, uandike yaliyokuwa uweke sahihi. Nitamsomea. Ukifanya hivyo, yote mengine nimekuachia, kimo changu nimekuachia, nifanye sisimizi ukitaka.

Fikirini


Dar es Salaam,
15 Februari 1974

Fikirini,

Nimeianza barua hii kabla ya mfungo wa Ramadhani, nimeichana mara saba. Usiniulize kwa nini. Mtu akishaitwa Radi na watoto wa mtaa mzima, kuandika "miguu ilinikataa" kwa mkono wake ni kazi. Lakini ipo ndani ya bahasha hii. Hakuna utani.

Jambo jingine. Bwana Erasto amechoka na Mabega, anasema watu sasa wanataka msaidizi msichana mwenye bastola. Mabega anakufa Jumamosi hii. Radi anamzika kwa mikono yake na kumsamehe. Nilidhani utafurahi kuachwa.

Isihaka

*Kwa Shangazi yangu Bi Mwaisha. Shikamoo. Mimi Isihaka, mtoto wa kaka yako marehemu Mohamedi, naandika nikiwa na akili zangu. Siku ile Ruvuma sikumbeba Fikirini. Fikirini alinibeba mimi. Niliogopa nikashindwa kutembea. Alinivusha maji mgongoni, na mguu wake ulikatika akiwa bado amenibeba, ndiyo maana mimi sikuumia, mwili wake ulinikinga. Nilikudanganya kwa sababu niliona haya. Alitimiza ulilomwagiza. Mwie radhi, Shangazi, na mimi unisamehe. Isihaka Mohamedi.*


Chuno, Mtwara,
19 Machi 1974

Kwa mwanangu Isihaka bin Mohamedi,

Nakusalimu mimi shangazi yako Mwaisha. Mkono unaoandika ni wa Fikirini, kwa kuwa Zainabu yuko shule na mimi sijui kama atanikuta akirudi. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asipunguze.

Barua yako nimesomewa mara tatu. Mara ya kwanza alisoma huyu, nikadhani anasoma ya kichwani mwake. Nikamwita Mwasiti asome. Kisha Zainabu. Wote wamesema yale yale, nikaamini ni wewe uliyeandika.

Mwanangu, nimelia. Nilijua u mwema, sikujua wema wako una kina hiki. Umeona binamu yako anazeeka na aibu, umeona nakwenda bila kumwia radhi, ukaivua aibu yake ukajivika wewe. Mtu mwenye ngumi yake, mwenye jina, anayesomwa mpaka Tunduru, anajiita mwoga ili mwenzake apone! Ulimbeba mara ya kwanza mtoni, siku ya msiba wa baba yako ukambeba tena mbele ya watu, na sasa unambeba mara ya tatu. Uongo wa kheri namna hiyo malaika hawauandiki.

Zainabu amenisomea vilevile kwamba Mabega amekufa na Radi amemzika kwa mikono yake akamsamehe. Ndivyo ulivyo. Nimemwambia Mwasiti aibandike karibu na ile nyingine.

Basi sikiliza. Sikukunyonyesha, lakini nakuhalalishia maziwa kana kwamba ulinyonya. Nimekuwia radhi, Isihaka, duniani na akhera, mbele ya Mungu na mbele ya huyu anayeandika. Kila utakalogusa likunyookee.

Huyu hapa nimemsamehe makelele yake. Radhi sina ya kumpa. Najua ni yeye aliyekusumbua mpaka ukaandika, kama alivyokusumbua mlangoni jeneza likiwa juu. Mtu aliyemwacha nduguye, kisha akamlazimisha nduguye huyo aape kuwa hakuachwa, nimpe nini? Nilimwambia usiniite mama, na ananiita kila siku asubuhi.

Siku yangu ikifika uje. Ushuke kaburini wewe, unipokee kwa mikono yako. Huyu kwa mguu mmoja ataniangusha. Asimame nyuma na watu. Sanda akate yeye, ufundi wake sijaukataa.

Karatasi anailoanisha, nimemwambia aisogeze mbali na uso wake, maneno yasifutike. Sijui analilia nini, mimi sijafa.

Wako,
Mwaisha binti Shabani
(kidole gumba chake)

Isihaka, nimeandika kama alivyosema, sikupunguza. Nimempima kwa ajili ya sanda alipokuwa amelala. Futi nne na inchi nane. Amepungua sana. Njoo na meli ya Alhamisi.

Fikirini